Nyuzi Thelathini na Saba

Ililetwa Jumanne moja ya mwezi wa sita,
ukungu umeuvaa mlima Loleza mpaka kiunoni,
kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau:
Enesia Tweve, miaka hamsini na minane, wodi namba nne.
Nikakiinamisha. Damu haikuteleza.
Ilishuka punje punje,
kama chenga za mchele kwenye ukuta wa sufuria.

Mashine ikagoma kuhesabu.
Nikapima kundi, ikanijibu AB.
Nikapima tena, ikakubali kila nilichouliza,
kama shahidi aliyetishwa.
Nikaandika kwa kalamu nyekundu: sampuli mbovu, leteni nyingine.
Wakaleta nyingine. Mbovu vilevile.

Mzee Kibona, aliyebakiza miezi mitatu astaafu,
hakunyanyua jicho kwenye darubini.
"Katoka wapi huyo?"
"Makete. Huko juu, karibu na Kitulo."
"Basi usiigombeze. Ipashe moto."

Beseni letu la maji moto lilikuwa limekufa tangu Pasaka.
Nikaiweka kwapani, chini ya koti, chini ya sweta,
nikakaa robo saa nzima na damu ya mtu nisiyemjua,
nimeibana kama yai,
naogopa hata kukohoa.
Nilipoitoa iliteleza.
Nyepesi, tiifu, nyekundu hasa.
Kundi O. O tangu alipozaliwa.

Madaktari wana jina lake refu.
Mimi nilimweleza mwanawe, Tulizo, pale dirishani, hivi:
kwenye zile tezi za shingo
mlizozikanda kwa mafuta ya nyonyo mwaka mzima
kuna ukoo wa askari ulioasi. Hiyo ndiyo saratani.
Wanafua silaha moja tu, usiku na mchana,
na silaha hiyo kwenye joto inalala.
Baridi ikiigusa inaamka,
inazikamata chembe nyekundu za mwenye nyumba,
inazifunga mizigo mizigo kama kuni,
halafu mwili wenyewe unazivunja.
Ndiyo maana vidole vilikuwa vya bluu
asubuhi za kuchimba viazi, jalidi ikiwa bado imelala matutani.
Ndiyo maana mkojo ulikuwa rangi ya chai ya mkandaa.
Si mkono wa mtu.
Mwambieni shemeji yenu arudi nyumbani.

Akafikiri. Akauliza,
"Kwa hiyo mama anajila mwenyewe?"
Maabara haina kipimo cha swali hilo.
Nikasema, "Hao askari hawajui kwamba ni yeye."

Chupa mbili tulizipasha kwanza, ndipo akatundikiwa.
Blanketi juu ya blanketi, soksi mikononi.
Kisha dripu ya saratani, na nywele zikaanguka,
na daktari akamshauri ahamie Kyela kwa binti yake.
"Kyela kuna joto," alisema, "na mpunga, na mbu.
Ila viazi vyangu havijui njia ya Kyela."
Akarudi Makete.

Sasa kila baada ya wiki tatu anashuka na basi la alfajiri,
na mhudumu wa wodi anavuka uwanja mbio,
mkono mmoja umebanwa ubavuni:
"Fundi, kifaranga chako hiki!"

Uso wake niliuona Agosti.
Mwanamke mfupi, kilemba cha kijani,
glovu alizozifuma mwenyewe
kwa sweta la marehemu mumewe, alilolifumua.
Daktari anataka nyuzi thelathini na saba;
yeye nyuzi zake hakuzihesabu.
"Ndiye wewe," akauliza, "uliyenipa kwapa?"
Nikasema ndiye.
Akavua glovu, akapitisha mkono kwenye tundu la dirisha.
Ulikuwa wa baridi, kucha zina kivuli.
Nikaushika kwa mikono yote miwili
mpaka foleni ikaanza kunung'unika,
na bado.